Bi Kimya Hutangulia

“Nani tena huyo aliyenitangulia?”

Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, mkoba kwapani, kidole kimenyooka kama cha mwalimu wa zamu. Alikuwa ameahidiwa kwamba leo atakuwa wa kwanza: apimwe, avae, aondoke kabla jirani yeyote hajamtia machoni. Na sasa anasikia mashine inanguruma wakati yeye hajafungua hata kifungo.

“Huyo ni Bi Kimya,” mpiga picha alimjibu bila kugeuka. “Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza. Hata angekuja malkia, angekaa kwenye benchi akasubiri.”

“Mbona simwoni?”

“Umemkodolea macho, wifi yangu.”

Juu ya bamba la mashine, pale ambapo wanawake huweka titi, palikuwa na kipande cha plastiki chenye ukubwa wa nusu mche wa sabuni, rangi ya nta. Waliokitengeneza walikuwa wamefukia ndani yake nyuzi nyembamba, chembe ndogo kama mchanga zilizopangwa mfano wa nyota, na vinundu vilivyofifia. Yaani vitu vinavyofanana na vile ambavyo mashine inatakiwa kuviona ndani ya mwili wa mtu vingali vidogo, kabla mkono haujavigusa. Kipande hicho kikibanwa hakisemi “aah”. Hakiulizi majibu yanatoka lini. Hakina mume anayepiga simu kila baada ya dakika. Ndiyo maana pale kliniki wakakiita Bi Kimya, na sheria yake ilikuwa fupi: Bi Kimya asipoonyesha vyote anavyotakiwa kuonyesha, hakuna mwanamke mwingine wa kupigwa picha.

“Kwa hiyo nimeacha oda za watu, nimekuja kupanga foleni nyuma ya sabuni,” alisema wifi.

Mpiga picha alicheka. Kazi hiyo ilikuwa imempa vituko vyake. Mtaani watu walijua tu kwamba yeye hupiga picha, basi. Bwana harusi mmoja aliwahi kumfuata mpaka nyumbani kumwuliza kama anakubali sherehe za nje. Wifi, ambaye siku hiyo alikuwa pale akimpima suruali kaka yake, mume wa mpiga picha, alidaka swali hilo kabla mwenyewe hajafumbua mdomo: “Anakubali, ila anavyobana, hakuna atakayetabasamu.”

Huyo ndiye wifi. Fundi cherehani, mdomo wake una makali kuliko mkasi wake, na kumleta hapa asubuhi hii ilikuwa kazi ya miaka. Si kwamba hakujua umuhimu wa kupimwa. Mama yao, mama mkwe wa mpiga picha, aliondoka kwa saratani ya titi, ugonjwa uleule ambao mashine hii huutafuta. Na kabla ya kuugua alikuwa amepigwa picha, katika mji mwingine, kliniki nyingine, akaambiwa ni safi. Akarudi nyumbani anaimba. Mwaka haujageuka, uvimbe ukajitangaza wenyewe. Kama ni picha iliyokosea au ni ugonjwa uliokuja baadaye kwa mbio zake, hakuna aliyejua. Mpiga picha alikuwa amemweleza wifi mara nyingi kwamba yote mawili hutokea. Wifi alikuwa na jibu moja tu.

“Picha zenu zinasema uongo kwa sauti ya upole.”

Mwishowe mpiga picha akaweka ahadi. Walikuwa wanamenya viazi, maneno yakamtoka: “Ya kwetu haisemi uongo. Naipima mimi mwenyewe kila siku kabla ya mtu yeyote.” Wifi alimenya kiazi kimoja kizima kimyakimya, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile, kisha akasema: “Basi nitakuja. Mara moja. Ukinidanganya, gauni la binti yako ninalolishona nalikata mkono mmoja.”

Ndiyo hiyo siku yenyewe.

“Njoo uone,” mpiga picha alimwita nyuma ya kioo cha kinga, penye kompyuta. Alitaka wifi aone kwamba hapa watu hawafanyi mambo kienyeji. Picha ya Bi Kimya ilikuwa imekwisha kutokea, kijivu juu ya kijivu. Akaanza kuonyesha kwa ncha ya kalamu. “Unaona nyuzi? Hii hapa, na hii. Hivi ndivyo vinundu. Nyota kubwa hii. Na hapa pembeni kuna nyota nyingine, ndogo kabisa.”

“Wapi?”

“Hapa.”

Wifi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. “Nyuzi nimeziona. Nyota kubwa nimeiona. Hapo unaponionyesha sasa naona ukungu.”

“Macho yako hayajazoea.”

“Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani.”

“Wifi, nenda kabadilishe nguo. Gauni limetundikwa nyuma ya pazia.”

Wifi akaenda, na mara sauti yake ikasikika kutoka huko nyuma: “Nani alishona gauni hili? Alikuwa na ugomvi na mtu? Hata kamba hazilingani!”

Mpiga picha alikuwa bado anatazama pembe ile ya picha. Nyota ipo. Aliiona. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hapa aliiona palepale, kila asubuhi, hata kabla chai haijamshuka vizuri. Angeweza kuichora akiwa amefumba macho.

Wazo hilo la kufumba macho ndilo lililomtia baridi. Akashika kipanya, akaigeuza picha juu chini.

Nyuzi zilikuwepo, sasa zikiwa upande mwingine. Vinundu vilikuwepo. Nyota kubwa aliipata mara moja. Nyota ndogo akaanza kuitafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani, huku, kule, hapana, labda hapa. Hakuna. Alipoirudisha picha ilivyokuwa, nyota ikarudi mahali pake kwa utii. Akaigeuza tena, ikatoweka. Hapo akaelewa kwamba nyota ile haikuwa kwenye picha. Ilikuwa kichwani mwake. Alikuwa anaona alichokizoea.

Akafuta bamba kwa kitambaa safi. Akambana Bi Kimya upya, akampiga picha nyingine. Ukungu uleule. Akapiga nyingine tena, kijasho chembamba kikimtoka, na kijasho hicho kikamkumbusha jambo jingine: chumba kilikuwa na joto. Si joto la kulalamikia. Ni lile la chumba kilicholala kimefungwa na kiyoyozi hakijawashwa. Mashine hii haipendi joto. Kioo chake cha kupokea picha kinataka ubaridi mchana na usiku, kama samaki wa dukani.

“Niko tayari!” wifi aliita. “Na kama kuna upepo unapita mgongoni kwangu, mjue ni fundi wenu wa magauni!”

Kusema kweli, mpiga picha alisimama pale muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Hesabu aliyoipiga kichwani ilikuwa nyepesi. Nyota ndogo ni moja. Zilizobaki zote zimeonekana. Wifi amevua nguo, jambo ambalo halitatokea tena. Akimwambia mashine ni mbovu, atakuwa amemthibitishia yale yote aliyoyasema tangu siku ya msiba: picha zenu, uongo, sauti ya upole. Akimpiga picha tu, angalau amepimwa. Angalau kidogo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibonyezo cha kukubali.

Kisha akajiuliza: kama wifi ana kitu cha ukubwa ule, ukubwa wa nyota ndogo, atakwenda nyumbani anaimba?

Akaondoa mkono, akatoka kumtafuta Daktari.

Daktari, mwenye kliniki na msomaji wa picha zote, alikuwa sebuleni akiwasalimu wanawake waliojaa kwenye viti. Alikuwa mtu mwema, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila anapopewa habari asiyoipenda. Mpiga picha alipomvuta pembeni na kumnong'oneza, akaivua palepale.

“Bi Kimya kakosa nyota moja tu?”

“Moja, Daktari.”

“Ile ndogo.”

“Ndogo ndiyo tunayoitafuta. Vinundu vikubwa wanawake huvigusa wenyewe hata nyumbani.”

Daktari alipangusa kioo cha kulia. “Sebule imejaa, mama. Kuna bibi kaletwa na wajukuu zake, katoka mbali. Mimi ndiye nasoma. Naweza kusoma kwa uangalifu zaidi leo.”

“Utasoma nini ambacho hakipo?”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mumewe kwamba chumvi imekwisha. Daktari akamfuata hadi kwenye kompyuta, akaitazama picha. “Lakini mbona naiona? Ile pale.”

“Hata mimi niliiona.” Akaigeuza juu chini.

Daktari akasogeza uso karibu na skrini, akitafuta. Alipovua miwani safari hii hakuipangusa. Aliishika tu mkononi.

“Na jana?” aliuliza.

Mpiga picha alikuwa anaogopa swali hilo. Wakafungua picha za Bi Kimya za siku zilizopita, moja baada ya nyingine, zote wakizigeuza. Ya jana: hakuna. Ya juzi: labda, ukitaka sana. Za kabla ya hapo nyota ilikuwa ikififia taratibu, na mwanzoni mwa wiki iliyopita ilikuwepo, ang'avu, kila chembe mahali pake. Kwa hiyo ubovu si wa leo tu. Kulikuwa na wanawake waliokwisha kwenda nyumbani na karatasi zao za “salama”, na yeye ndiye aliyewabana.

“Tutawaita wote warudi,” alisema Daktari polepole. “Leo tunafunga. Nani atawaambia hawa wa sebuleni?”

“Wewe waambie wa sebuleni,” mpiga picha alisema. “Mimi nina wangu nyuma ya pazia.”

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, gauni la kliniki limemkaa vibaya kweli, mkoba ameukumbatia kifuani. Bila nguo zake za kazi, bila futi ya kupimia shingoni, alionekana mdogo kuliko siku zote. Alipomwona mpiga picha anaingia na uso ule, akanyanyuka.

“Nini?”

“Hatutapiga leo. Mashine inaumwa.”

“Inaumwa.”

“Nyota ile. Uliyosema huioni. Ni kweli haipo.”

“Ukaniambia macho yangu hayajazoea.”

“Nilikosea. Ya kwangu ndiyo yamezoea mno.”

Wifi angetukana, angecheka, angepiga kofi meza, mpiga picha angejua la kufanya. Badala yake wifi akaanza kuvaa nguo zake, haraka, juu ya gauni lilelile la kliniki, mikono ikikosea matundu ya vifungo, yeye ambaye hufunga vifungo vya watu kwa kazi.

“Ungeweza kunipiga,” alisema hatimaye. “Nisingejua.”

“Ungejuaje?”

“Ulifikiria?”

Hapa ndipo sauti ya upole ilipomjia mpiga picha mdomoni, tayari imepangwa vizuri: hapana wifi, ningewezaje.

“Nilifikiria,” alisema. “Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo.”

Wifi alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na kwa hilo alikasirika zaidi. “Mwenzako aliyempiga mama yangu naye alifikiria, eeh? Yeye hakutoa kidole.”

“Sijui, wifi. Hakuna anayejua.”

“Nilikwambia naja mara moja.”

“Uliniambia.”

“Basi nimekuja.” Akatoka, mkoba kwapani, akawapita wanawake wa sebuleni ambao tayari walikuwa wakinung'unika na kutafuta viatu vyao. Kamba moja ya gauni la kliniki ilikuwa imechomoza chini ya sketi yake, ikimfuata kama mkia mpaka nje ya geti. Siku nyingine yoyote mpiga picha angemwita amwambie, nao wangecheka mpaka mbavu ziume.

Chanzo cha ugonjwa wa mashine walikigundua kabla ya adhuhuri, na hakikuhitaji mtaalamu. Mlinzi wa usiku, mzee mtaratibu anayependa kazi yake, aliitwa akaulizwa kuhusu kiyoyozi.

“Nakizima,” alisema kwa fahari. “Kila siku watu wakishaondoka.”

“Nani kakwambia ukizime?”

Mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono ukutani. Karatasi ilikuwa imebandikwa pale tangu wiki iliyopita, na nyingine korido nzima, herufi kubwa, gundi nzuri: TUSITUMIE UMEME BILA SABABU. ZIMA KILA KISICHOTUMIKA. Chini yake, saini ya Daktari mwenyewe.

Binti wa mapokezi akaingia chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Daktari akavua miwani. “Mzee wangu,” alisema, “umefanya kazi yako vizuri kuliko nilivyotaka,” kisha akaenda mwenyewe kubandua karatasi, moja baada ya nyingine. Zilikataa kutoka. Gundi ilikuwa nzuri kweli.

Siku hiyo na iliyofuata mpiga picha alishinda kwenye simu. Hakumwachia binti wa mapokezi. “Mama, ni mimi niliyekupiga picha. Nakuomba urudi, turudie, hutalipa kitu. Hapana, hatujaona kitu kibaya. Tatizo ni kwamba mashine yetu haikuwa inaona vizuri.” Wengine walimshukuru. Wengine walimpigia kelele mpaka akaisogeza simu mbali na sikio. Mmoja akauliza: “Kumbe huwa mnaangalia?” na mpiga picha hakujua kama hiyo ni lawama au ni sifa.

Fundi wa mashine alikuja na masanduku yake, akabadilisha kioo, akasawazisha, akashinda siku mbili mbele ya mashine iliyofunguliwa, ameshika bisibisi kama kijiko. Nyumbani, mume wa mpiga picha alijaribu kumpigia dada yake simu. Simu iliita, ikaita. Gauni la binti yao lilikuwa bado huko dukani kwa wifi, halijulikani lina mikono mingapi.

Asubuhi ambayo kliniki ilifunguliwa tena, mpiga picha alimweka Bi Kimya juu ya bamba, akamshushia kibanio taratibu. Chumba kilikuwa baridi kiasi cha kuvaa sweta. Picha ilipotokea akaigeuza kabla hajaitazama. Huo ndio utaratibu mpya, na mwingine ni kwamba lazima mtu wa pili aje aitafute nyota bila kuonyeshwa. Alikuwa anageuka kumwita binti wa mapokezi aliposikia sauti mlangoni.

“Nani tena huyo aliyenitangulia?”

Wifi alikuwa na mkoba kwapani na mfuko wa karatasi mkononi. Hakusalimu. Akatoa kwenye mfuko gauni la kliniki, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kwa mistari iliyonyooka. Kamba zote nne zilikuwa mpya, za kitambaa kizuri, zimelingana, na ile sehemu ya mgongoni iliyokuwa inaachia upepo ilikuwa imeongezewa kipande.

“Nisingeweza kulirudisha vile,” alisema. “Watu wangedhani ndivyo ninavyoshona.”

“Asante, wifi.”

“Usinishukuru. Gauni la binti yako bado lina mkono mmoja.” Akasogea nyuma ya kioo cha kinga bila kukaribishwa. “Huyu sabuni wako leo amesemaje?”

Mpiga picha akasogea pembeni, akaweka kalamu mfukoni, mikono nyuma, ili hata kidole kisije kikaonyesha. “Tafuta mwenyewe. Nyota mbili.”

Wifi aliinama. Hakuharakisha. Alitazama pembe hii akaenda ile, kama anayepitia mshono wa mwanafunzi. Huko sebuleni viti vilianza kukwaruza, watu wakifika. Alipoinuka, kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya skrini, chini upande wa kushoto.

“Hii kubwa.” Kidole kikasafiri. Kikasimama tena. “Na hii.”

Ilikuwa pale. Chembe kwa chembe.

Wifi akachukua gauni lake, kwa maana sasa lilikuwa lake, akaenda nyuma ya pazia, na safari hii hakulalamika juu ya chochote. Alipotoka, mpiga picha alimwondoa Bi Kimya, akafuta bamba, akaomba radhi kwa baridi ya mikono yake. Akamsogeza wifi karibu, akamwinua bega, akampanga, akamwonyesha pa kushika. Shavu la wifi likagusa mashine.

“Inauma?”

“Kidogo. Sema ukisikia.”

“Mtaa mzima utanisikia.”

Lakini kibanio kiliposhuka, wifi hakutoa sauti. Mpiga picha akarudi nyuma ya kioo cha kinga. Kutoka pale alimwona kwa mgongo tu: kisogo, bega moja lililoinuka, na zile kamba mpya zikitetemeka kidogo kila anapohema.

“Bana pumzi, wifi,” alisema.

Kamba zikatulia.